Transfoma Husomwa Kuanzia Mizizini

Karibuni Kisumu. Mmetoka vyuoni mkijua kukokotoa mtiririko wa nguvu kwenye kompyuta, na hilo mtalihitaji. Leo lakini siendi kwenye laini ya kilovolti (kV) 220 kutoka Turkwel hadi Lessos. Nakaa kwenye nguzo mbili zilizobeba transfoma ya kV 11, maana mhandisi mpya akikosea hapo, mtaa mzima unalipa siku hiyohiyo.

Tuanze na nyutro, waya wa pamoja unaorudisha mkondo kutoka nyumba zote. Simu inapigwa: stima ni hafifu. Mgeni wa kazi hukimbilia kupandisha tapu ya transfoma, swichi ya kurekebisha volti zake, asilimia 2.5. Subiri. Nenda mwisho wa laini upime kila fezi, yaani kila mmoja wa waya tatu zenye umeme, kwa nyutro. Ukikuta moja imeshuka na nyingine imepanda, huku fezi kwa fezi ikisoma volti 415 kama kawaida, nyutro imekatika au kiungo chake kimelegea, na tapu utakayopandisha itamwongezea volti yule ambaye tayari zinamuunguza.

Ifanyeni hesabu wenyewe. Nyumba moja ina birika la wati 2,000, ya pili, kwenye fezi nyingine, ina taa na televisheni za wati 200. Ukinzani wake ni omu 28.8 na omu 288. Nyutro ya pamoja ikikatika, nyumba hizo mbili zinasimama mfululizo kwenye volti 415: birika linabaki na kama 38, televisheni inapokea 377. Televisheni si ukinzani mtupu, najua, ila mwenye nayo hatakuuliza habari hiyo. Wala msidhani fimbo ya ardhi, ile ya chuma inayochomekwa udongoni, itabeba kazi ya nyutro iliyokatika: ikiwa na ukinzani wa omu 10, volti 240 zinasukuma ampea 24 tu.

Sasa radi. Hapa mawingu ya alasiri hujengwa na upepo wa ziwani unapopanda kuelekea milima ya Nandi, na mnajua yanavyonguruma. Kizuia radi, chombo cha kuupeleka mkondo wa radi ardhini, kinafungwa, transfoma inaungua hata hivyo, na lawama inamwendea mtengenezaji. Angalieni waya kwanza. Kila mita ya waya ina karibu maikrohenri 1 ya induktansi, yaani ukaidi wa waya dhidi ya mkondo unaobadilika ghafla. Mkondo wa radi ukipanda kiloampea 10 kwa kila maikrosekunde, kila mita inazaa kV 10. Kizuia chenyewe kikibakisha tuseme kV 35, na fundi akawa amekizungushia mita 3 za waya ili kazi ionekane nadhifu, transfoma inapigwa na kV 65. Nyingi za kV 11 hupimwa kustahimili msukumo wa kV 75 au 95 zikiwa mpya. Iliyokaa miaka kumi na mafuta yenye unyevu, usiiwekee dau. Kwa hiyo kizuia kifungwe kwenye tangi lenyewe, waya uwe mfupi, bila mizunguko, na ardhi yake iungwe na mwili wa transfoma hapohapo, si chini kabisa ya nguzo.

Udongo nao una tabia. Uwanda wa Kano una udongo mweusi wa mfinyanzi: masika fimbo inasoma vizuri, kiangazi udongo unapasuka na kuiachia fimbo. Kipimo cha Mei peke yake kitakudanganya, rudi Februari. Ukielekea Kit Mikayi unakutana na mwamba wa matale, fimbo inagoma kushuka. Hapo tandaza waya wa shaba kwenye mtaro, au ongeza fimbo, lakini umbali kati yao usipungue urefu wa fimbo moja. Zikisongamana zinagombania udongo uleule.

Kupima ardhi: kigingi cha mkondo mita 40 kutoka kwenye fimbo, kigingi cha volti mita 25, kisha sogeza cha pili mita 4 mbele na 4 nyuma. Masomo matatu yakitofautiana sana, peleka kigingi cha mkondo mbali zaidi. Na kamwe usifungue waya wa ardhi wa transfoma iliyo hai ili upate kipimo kizuri.

Kuzima kwenyewe: ondoa mzigo upande wa chini, ule wa volti ndogo, kwanza, ndipo ushushe fyuzi za kV 11 kwa fimbo ndefu isiyopitisha umeme, kwa sababu hazikuundwa kukata mzigo. Pima. Kipimaji kijaribiwe kabla na baada. Kisha funga waya za muda za ardhi, ukianza na ncha ya ardhini, na kuzitoa ni kinyume chake. Mbona haya yote na fyuzi ziko chini? Bucha aliye na jenereta bila swichi ya kubadilishia akiingiza volti 240 upande wa chini, transfoma inazikuza uwiano uleule hadi 11,000 juu, pale ulipoweka mkono.

Mchana tunaenda kwenye nguzo nje ya ua, vikundi vya watu wanne. Chukueni futi kamba, kipima ardhi na kipima volti. Nataka urefu wa waya wa kila kizuia, kwa kukadiria kutoka chini, na volti za fezi tatu kwenye nyumba ya mwisho. Ngazi itabaki kwenye lori.