Kidole Hakisomi, Mama Anasoma

KASSIM: Haya tumerudi wapendwa, Kassim hapa, Rehema yupo. Leo tulipanga kuongelea kusoma, yaani siku hizi tukisema fulani anajua kusoma tunamaanisha nini, na mafunzo matatu ya kumalizia nimeshayaandika kwenye karatasi hii hapa. Ila Rehema kaingia studio hajasalimia mtu. Kuna nini dada?

REHEMA: Niache nianze na Jumanne maana toka siku hiyo silali vizuri. Mama mnamjua, mama wa Feri, kapara samaki pale miaka na miaka. Sasa simu yake imeibiwa kwenye daladala, tukaenda kurudisha laini kwa wakala mmoja huko Mbagala, hawa wa mwavuli. Kijana anamwambia bibi weka dole gumba. Mama anaweka. Kijana anasema bibi, kidole hakisomi.

KASSIM: Kidole hakisomi! Hakuna asiyeambiwa hiyo nchi hii.

REHEMA: Mama anafuta kidole kwenye kanga, anaweka tena. Hakisomi. Tunaambiwa cha shahada, hakisomi. Jua la saa saba, mimi nipo nyuma namwambia mama kandamiza tuondoke. Mara ya nne mama hajaweka kidole, kaivuta ile mashine kaigeuza upande wake, kavaa miwani, ile yenye mguu mmoja wa uzi, akaanza kusoma kwa sauti kama yuko darasani, u-sa-ji-li u-me-fa-ni-ki-wa. Halafu akamuuliza yule kijana taratibu kabisa, mwanangu, kama umefanikiwa, kidole changu kingine unakitakia nini?

KASSIM: Weee! Akajibu nini?

REHEMA: Eti netiwaki. Tukarudi nyumbani, usiku nikapiga *106# kwa laini ya mama, ile ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Kuna laini mbili mama hazijui. Sio za Jumanne, za zamani. Yaani huko nyuma kila alipoambiwa kidole hakisomi aliweka, akaweka, akaweka, kumbe kidole cha ziada kinasajili laini nyingine kwa jina lake, na miaka yote hiyo anaamini ni samaki wamemla vidole. Alikuwa anaona aibu Kassim. Akienda sehemu ya kuweka kidole anawahi kusema samahani jamani, vidole vyangu vibovu.

KASSIM: Dah. Pole yake bi mkubwa.

REHEMA: Sisemi vidole vyake havijachakaa, vimechakaa kweli, magamba na chumvi sio mchezo. Ila kuna siku kidole hakisomi na kuna siku unadanganywa kwamba hakisomi, na utajuaje kama kioo cha mashine kimegeukia kwa wakala?

KASSIM: Sasa umenigusa kwenye dole gumba, subiri. Kwetu Tanga babu alikuwa anasimulia, zamani dole gumba lilikuwa la asiyejua kusoma. Anayejua anapewa kalamu, asiyejua anasogezewa kile kibati cha wino, anabonyeza, halafu anashinda na wino kidoleni siku nzima na kila anayempa mkono anauona. Watu walikuwa wanakisugua kwa jivu kabla hawajafika nyumbani. Leo hii sasa, 2019 si tuliambiwa laini zote zisajiliwe kwa alama za vidole, na Januari 2020 zikaanza kuzimwa? Profesa kaweka dole gumba, waziri kaweka, babu yangu kaweka. Wote tumerudishwa kwenye kibati.

REHEMA: Na mama ndio alikitoroka hicho kibati! Shule hakumaliza hata la pili, kusoma kajifunzia ngumbaru. Mwalimu Nyerere si alitangaza 1970 mwaka wa elimu ya watu wazima, basi mama kaingia kabinti tu, wanasoma jioni chini ya mkorosho, 1975 ukaja ule mtihani wa taifa wa kisomo, akafanya. Jina lake aliandika kwanza kwa mkaa mlangoni, mpaka leo anasimulia. Sensa ya 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa kama asilimia 67, kufika 1986 inatajwa karibu 10. Hao waliotoka humo katikati ni akina mama.

KASSIM: Sawa, ila wale wa ngumbaru wenyewe hawakuishia kwenye a, e, i, o, u. Mwanza kulikuwa na mradi wa UNESCO toka 1968, mkulima wa pamba anajifunza kusoma kwa pamba yake mwenyewe, mvuvi kwa samaki. Kusoma kulikuwa kusoma kazi yako. Ndio maana mimi nasema leo kusoma sio herufi tena. Mjomba wangu wa Temeke, fundi pikipiki, barua hawezi kusoma. Oda za spea Kariakoo anatuma kwa voisi, hela anapokea kwa simu, faida anaijua kichwani hadi mia mbovu. Ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" imewalamba watu wana masters zao, yeye haijampata hata siku moja, kwa sababu hatumi hela bila kusikia sauti ya mtu. Kwangu mimi huyo anasoma.

REHEMA: Hasomi. Ana akili, ni mjanja, ni mtafutaji, yote nakupa, ila hasomi, na tukimwambia anasoma tunampunja. Mkataba wa fremu yake alimsomea nani?

KASSIM: Mimi.

REHEMA: Ungekuwa umesafiri?

KASSIM: Angeita mtu mwingine.

REHEMA: Huyo mtu mwingine ndio yule kijana wa mwavuli.

KASSIM: Sio haki hiyo Rehema. Mkataba wenyewe ulikuwa wa kiingereza kurasa sita, mama yako angeusoma? Na vigezo na masharti kuzingatiwa, nani mwenye digrii ashawahi kuvizingatia? Wewe mwenyewe ulikuwepo pale Jumanne, macho yako mazima, ulisoma nini?

REHEMA: ...

KASSIM: Sikushambulii dada. Nauliza.

REHEMA: Sikusoma kitu. Nilikuwa naangalia saa. Hilo ndio linaninyima usingizi. Ila halikupi ushindi, kwa sababu aliyemuokoa ni herufi. Neno moja, Kassim. Voisi isingemwambia usajili umefanikiwa. UNESCO toka 1958 walisema ajuaye kusoma ni yule anayesoma na kuandika sentensi fupi ya maisha yake ya kila siku, na akaielewa. Mama alisoma sentensi fupi. Akaielewa.

KASSIM: Aliielewa kwa sababu maisha yamemfundisha kuuliza! Nipe watu kumi wenye cheti, neno lile lile mbele yao, wanaweka kidole cha nne. Na cha tano wanaweka.

REHEMA: Basi hao nao hawasomi.

KASSIM: Si ndio ninachosema mimi!

REHEMA: Hapana, wewe unataka mjomba ahesabiwe tayari ili watu waache kumfundisha. Mimi nataka afundishwe, hata ana miaka hamsini, kama mama alivyofundishwa, jioni, bila kuchekwa.

KASSIM: Mjomba hajaomba kufundishwa. Anaomba mkataba uandikwe kwa kiswahili anachosikia, asomewe kwa sauti, arekodi. Kwa nini abadilike yeye na isibadilike karatasi?

REHEMA: Vibadilike vyote.

KASSIM: Hapo hujanijibu.

REHEMA: Na wewe hujanijibu wakimsomea uongo atajuaje.

KASSIM: Tumebakiza dakika mbili na kuna watu mlangoni wanasubiri studio. Mafunzo matatu, la kwanza...

REHEMA: Acha hiyo karatasi bwana. Toa simu. Na wewe unayesikiliza toa, piga *106# sasa hivi, na kama una mzazi nyumbani mpigie na yeye, akae pembeni yako aone kioo.

KASSIM: Haya napiga. Nyota, moja sifuri sita, reli. Inasema nisubiri meseji.

REHEMA: Una laini ngapi wewe?

KASSIM: Mbili. Subiri... haijaja bado.

REHEMA: Wanagonga mlango hao.

KASSIM: Subiri kidogo jamani, inaingia.