Bomba la kukodi au mpulizaji? Tupige hesabu ya mikorosho

Karibuni tena. Karatasi ya mraba, rula, penseli, twende. Swali la leo husikika kila msimu wa ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, Tandahimba mpaka Nachingwea: nimpe mpulizaji kazi yote, au nikodi bomba la kupulizia dawa nipulize mwenyewe? Bei hizi ni za mfano, wewe weka za kijijini kwako.

Mpulizaji anakuja na bomba lake na petroli yake, anataka shilingi 700 kwa mkorosho. Bomba la kukodi ni 24,000 kwa siku, petroli juu yako, na kibarua wa kukujazia salfa, ile dawa ya unga.

Idadi ya miti ni x, gharama ni y. Upande wa mpulizaji: y = 700x. Huo umeisha.

Wa bomba unataka utulivu. Petroli tunanunua kwa lita, lakini x yetu ni miti, kwa hiyo tubadilishe kwanza. Lita moja tuseme 3,000 na inapuliza miti 20. Gawanya, unapata 150 kwa mti. Kibarua naye 150 kwa mti. Jumla 300. Tunaandika y = 300x + 24,000.

Simama hapo. Hiyo 24,000 haina x pembeni! Upulize mti mmoja, upulize miti 50, mwenye bomba anachukua 24,000 yake. Ukiijumlisha na 300 ukaandika 24,300x, umekodi bomba upya kwa kila mti. Narudia: 24,000 inakaa peke yake.

Salfa je? Ni gramu 250 kwa mti, mfuko wa kilo 25 unamaliza miti 100, apulize nani. Kwa kuwa ipo pande zote mbili kwa kiasi kilekile, inajifuta, tunaiacha nje. Ila mpulizaji akisema 700 yake ni pamoja na salfa, ongeza bei ya gramu 250 kwenye ile 300 ya bomba. Muulize kabla hujashika penseli.

Sawazisha: 700x = 300x + 24,000. Toa 300x kila upande, inabaki 400x = 24,000, x = 60. Hakiki: kwa miti 60 pande zote zinatoa 42,000. Chini ya hapo mpulizaji ni nafuu, juu ya hapo bomba.

Grafu sasa. Ngoja, kamera inakata juu, nishushe karatasi... haya, inaonekana. Mstari wa mpulizaji unaanzia sifuri na kupanda kwa kasi. Wa bomba unaanzia 24,000, unapanda taratibu, inakutana kwenye 60. Chora kwa penseli, maana tunaufuta huu wa bomba sasa hivi.

Mwenye miti 100 akiona hivyo anakimbilia bomba, na hapo ndipo anapoumia. Salfa ya unga inapulizwa alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo umetulia. Jua likishapanda unga haushiki vizuri. Tuseme asubuhi moja unamaliza miti 80. Mti wa 81 ni siku ya pili, na siku ya pili ina kodi yake: y = 300x + 48,000. Miti 100 inakuwa 78,000, wakati mpulizaji ni 70,000. Mlinganyo wa siku moja usiutumie kwa kazi ya siku mbili! Kwenye grafu, futa mstari wa bomba baada ya 80, uanze upya shilingi 24,000 juu zaidi. Usiunganishe vipande hivyo kwa rula.

Sawazisha tena, 400x = 48,000, x = 120. Kwa hiyo kuanzia miti 81 hadi 119 mpulizaji amerudi kuwa nafuu, na kwenye 120 wanalingana.

Mimi kwa miti 100 ningechanganya. Miti 80 kwa bomba, 48,000. Ishirini kwa mpulizaji, 14,000. Jumla 62,000, chini ya njia zote mbili, mradi akubali kuja kwa miti 20 tu. Wengine hawakubali.

Raundi za msimu mzima? Zidisha y kwa idadi ya raundi, x iache ilivyo.

Haya, miti 170, bomba siku tatu. Andika mlinganyo wako kwenye maoni, nitausahihisha.