Riwaya tano ndani ya mwezi mmoja
Mhadhara kwa wasomaji wa Moshi

Shikamooni wazee wetu, na wengine wote hamjambo.

Tumeombwa tueleze namna ya kutumia mwezi mmoja kusoma hadithi za aina mbalimbali. Wengi wanaojaribu huanza na orodha ya nchi: Mnigeria mmoja, Mkenya mmoja, Mzungu mmoja, kisha mwanamke mmoja wa kukamilisha. Orodha ya hivyo inapendeza kwenye karatasi tu. Unaweza kusoma waandishi wa nchi tano ukajikuta umesoma hadithi ileile mara tano: kijana katoka kijijini, kafika mjini, mji umemharibu. Sisi tunapima kitabu kwa maswali matatu: nani anatazama, amesimama wapi, na hadithi imejengwa kwa umbo gani. Kitabu kinachofuata kitofautiane na kilichotangulia kwa mambo mawili kati ya hayo matatu. Likibadilika moja tu, hutahisi tofauti. Yakibadilika yote kwa mpigo, msomaji asiyezoea hukwama ukurasa wa kumi.

Kwanza mwezi wenyewe. Desemba iacheni. Ndugu wanarudi nyumbani kwa Krismasi, na kuanzia Machame hadi Rombo hakuna mwenye saa nzima ya kukaa peke yake. Mei na Juni zinafaa zaidi, maana mvua na baridi huwaweka watu ndani mapema. Taa ya kuchaji iwe karibu, umeme ukikatika usiwe ndiyo mwisho wa sura.

Sasa hesabu, na hapa ndipo mipango mingi inapovunjika. Fungua kila kitabu uangalie namba ya ukurasa wa mwisho, jumlisha zote, kisha gawa kwa 25, usigawe kwa 30. Zile siku tano ni za msiba, mgeni, homa na uchovu, nazo lazima zitakuja. Tuseme jumla imefika kurasa 650: hizo ni kurasa 26 kwa siku. Soma kurasa kumi huku ukijipima kwa saa ya mkononi ujue mwendo wako. Ukitumia dakika mbili kwa ukurasa, unahitaji dakika 52, ambazo waweza kuzigawa, nusu alfajiri na nusu usiku. Anayejiambia atasoma "nikipata nafasi" huwa amebaki nyuma kurasa mia wiki ya pili, na akishabaki nyuma kiasi hicho huona aibu kukigusa tena kitabu.

Vitabu tunavyopendekeza vyote vinasomeka kwa Kiswahili, na mpangilio wake ni muhimu kuliko majina yake.

Anza na Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, uliochapishwa 1960. Ni hadithi ya upelelezi, na mpelelezi wake ni Bwana Msa na kiko chake. Kazi yake hapa ni kukurudishia kasi: unataka kujua nani kaua, kwa hiyo kurasa zinakwenda zenyewe. Aliyeacha kusoma riwaya tangu shule asianze na kingine.

Cha pili ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya 1971, na cha tatu Barua Ndefu Kama Hii ya Mariama Bâ wa Senegali, iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1979. Hivi viwili visitenganishwe hata kwa siku moja. Katika Rosa Mistika mwandishi mwanamume wa Ukerewe anamtazama msichana akiwa nje yake. Zakaria, baba mlevi, anampiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, na ule ulinzi wa fimbo ndio unaomwacha binti bila uzoefu wowote anapotoka nyumbani. Riwaya hii iliwahi kupigwa marufuku mashuleni, na ukiisoma leo utaona ilivyosema waziwazi mambo ambayo nyumba nyingi bado hunong'ona.

Kisha fungua Mariama Bâ. Barua ipo tena, lakini safari hii mwanamke ndiye anayeiandika. Ramatoulaye yuko eda, mumewe Modou amefariki, naye anamwandikia rafiki yake Aissatou. Anasimulia jinsi Modou, baada ya watoto kumi na wawili, alivyomwoa Binetou, msichana aliyekuwa rafiki wa binti yao Daba. Tazameni umbo linavyofanya kazi. Kwa Kezilahabi tunaambiwa mwanamke kafanya nini, na tunabaki kuhukumu. Kwa Bâ tumefungiwa naye ndani ya eda, hatuna pa kusimama isipokuwa alipo yeye. Aissatou aliondoka mumewe alipooa mke wa pili, Ramatoulaye alibaki, na kitabu hakimpi mmoja ushindi juu ya mwenzake. Kwa maoni yetu hapa ndipo mwezi mzima unapolipa. Ukiwa na nafasi ya vitabu viwili tu, chukua hivi.

Cha nne ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021. Riwaya ilitoka kwa Kiingereza 1994, na Ida Hadjivayanis ameileta katika Kiswahili. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anatolewa rehani kwa deni la baba yake. Tajiri Aziz, aliyemdhania kuwa ni ndugu, si ndugu. Khalil wa dukani ndiye anayemwambia Yusuf amwite Aziz Seyyid, yaani bwana. Kitabu ni kirefu na kina watu wengi, kwa hiyo weka kipande cha karatasi mwanzoni uandike kila jina jipya na neno moja la kumtambulisha. Wengi wanaosema Peponi ni ngumu wamepotelewa na majina tu.

Cha mwisho, Nagona ya Kezilahabi, 1990. Ni kifupi sana, na ndiyo maana watu hukianza kwanza, wakakiacha. Usitafute kisa kinachokwenda moja kwa moja, hakipo. Kisome kwa vikao viwili visivyokatishwa. Ni mwandishi yuleyule wa Rosa Mistika, na ukivisoma mwezi mmoja unaona jinsi mtu mmoja anavyoweza kuwa waandishi wawili.

Kamusi isikatishe usomaji. Wasomaji wa bara hukutana na maneno ya Unguja na ya pwani, wakasimama kila mstari. Piga alama ya penseli, maliza sura, kisha fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Nusu ya alama utakuta zimeshajieleza.

Nakala za zamani ni adimu. Jaribuni maktaba ya mkoa kabla ya kununua. Ukinunua kwa wauza vitabu vya mitumba, usiangalie jalada. Angalia mgongo na namba za kurasa. Vitabu vingi hufungwa kwa mafungu ya kurasa 16 au 32, kwa hiyo mgongo ukiachia waweza kupoteza fungu zima, hata katikati, ambako mnunuzi hatazami.

Mkiwa watatu, kila mmoja anunue kimoja kati ya vile vitatu vya kwanza, mkibadilishana kila baada ya siku tano. Nusu ya mwezi mmevimaliza. Anayeanza na Bâ akija kwa Rosa baadaye si neno, na mmoja wenu hataepuka kumpata Bwana Msa katikati yao. Peponi kila mtu awe na yake. Nagona someni pamoja kwa sauti, mkipokezana kila sura.

Na kitabu kikikushinda kabisa? Kipe kurasa 40. Zikiisha hujashikwa, weka Kuli ya Adam Shafi mahali pake, riwaya ya 1979 kuhusu wafanyakazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wa 1948. Usikae siku tatu ukikitazama kile cha kwanza mezani, maana siku hizo unazichota kwenye zile tano za akiba.

Tuchukue maswali.