Punje ya Hindi Katikati ya Kamba

Habari za asubuhi, ndugu zangu wauguzi, wanafunzi, na ninyi wazazi mliokuja kusikiliza. Baridi ya Mbeya inauma, hasa kwa wenzetu waliopanda kutoka Kyela, kwa hiyo nashukuru mmefika. Leo nazungumzia ugonjwa wa mifupa dhaifu ya kuzaliwa, yaani watoto ambao mifupa yao huvunjika kirahisi.

Nimeshika kamba ya mgomba. Mzee mmoja wa Tukuyu alinisukia juzi, nyuzi tatu, kama mnavyoiona. Nilimwomba asuke na ya pili, ila kwenye uzi mmoja aweke punje ya hindi. Hii hapa. Ipitisheni mkononi. Kuanzia chini imekaza vizuri. Ikifika kwenye punje inatuna, na juu ya punje imelegea, kidole kinaingia. Uzi wenye kosa ni mmoja tu, lakini kamba yote imeharibika. Nawaomba mkumbuke kidole chenu kilivyoingia hapo.

Watu wengi wanadhani mwili ni seli tupu. Chukueni mfupa, au kano, au ngozi: sehemu kubwa ni vitu ambavyo seli zimevitengeneza na kuvitoa nje. Huko nje ya seli ndiko tunakoita matriksi, na protini yake kubwa ni kolajeni, karibu theluthi ya protini zote za mwili. Mnaijua. Supu ya kongoro ikilala jikoni Uyole usiku kucha, asubuhi mnaikuta imeganda, inatikisika. Wengine husema ni mafuta. Ile ni kolajeni ambayo moto umefumua nyuzi zake.

Katikati ya miaka ya 1950, G. N. Ramachandran na Gopinath Kartha, wakifanya kazi Madras, India, walionyesha kwamba kolajeni ni nyuzi tatu zilizosokotana. Kolajeni ya mfupa ina nyuzi mbili za aina moja, alfa-1, na uzi mmoja wa alfa-2. Kila uzi ni mlolongo wa asidi amino, yaani vipande vidogo vinavyojenga protini, kama elfu moja, na kila ya tatu lazima iwe ile iitwayo glaisini. Kwa nini glaisini? Kwa sababu ndiyo ndogo kuliko zote, na katikati ya kamba nafasi ni finyu mno, nyingine haienei. Jeni, yaani maandishi ya urithi ambayo seli huyafuata kutengeneza uzi, ikikosea herufi moja, pahala pa glaisini pakakaa asidi amino nyingine yenye mwili, hiyo ndiyo punje yetu ya hindi.

Sasa tuingie ndani ya seli, maana hapa ndipo pananivutia kuliko pote. Kamba hii husukwa kuanzia mwisho wa uzi kurudi mwanzo. Usukaji ukifika kwenye kosa, unakwama. Wakati umekwama, vimeng'enya, yaani protini zinazofanya kazi za kemia ndani ya seli, vinaendelea kuushughulikia ule upande ambao haujasukwa, vinaubandika sukari kupita kiasi. Kamba nyingine zinazuiliwa humo humo ndani, seli inaelemewa, inafanya kazi kwa taabu. Nyingine zinatoka na kasoro zao, zinajipanga mfupani pamoja na zilizo nzima, na madini ya chokaa yanashindwa kukaa kwa mpangilio. Mfupa unakuwa mgumu kama kigae na unavunjika kama kigae.

Tupige hesabu kidogo. Mtu ana nakala mbili za jeni ya alfa-1, moja ya baba, moja ya mama. Tuseme moja imekufa kabisa, haitoi uzi. Atapata nusu ya idadi ya kawaida ya kamba, lakini zote nzima. Tuseme badala yake nakala hiyo inatoa uzi wenye punje. Kila kamba inahitaji alfa-1 mbili. Uwezekano wa kupata zote mbili nzima ni nusu ya nusu, yaani robo. Robo tatu ya kamba zake zitakuwa na kasoro. Ndiyo maana aliyekosa nusu ya kolajeni kwa kawaida anaumwa kidogo kuliko aliye na kolajeni tele iliyoharibika. Wanafunzi wangu hili huwashangaza kila mwaka, nami halijaacha kunishangaza.

Si kila tofauti ni ugonjwa, lakini. Fibronektini, protini nyingine ya matriksi, inatoka kwenye jeni moja, na seli hukata na kuunga nakala ya maandishi ya jeni hiyo kwa namna mbalimbali hadi zikapatikana aina kama ishirini. Ile inayotengenezwa na ini husafiri kwenye damu. Kidonda kikitokea, seli za pale huongeza vipande ambavyo ya ini haina. Hiyo ni kazi ya kawaida ya kuponya.

Nirudi kwenye mfupa, kwa sababu kuna mtoto sijamsahau. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye hospitali niliyokuwa nikifanya kazi, mama alimleta mtoto wa miezi saba, paja limevunjika. Ilikuwa mara ya tatu. Tulimhoji kama mshtakiwa. Mama mkwe naye alikuwa ameshasema mtoto amerogwa. Kesho yake muuguzi alimpeleka mtoto dirishani, akaniita: "Daktari, hebu tazama weupe wa macho." Haukuwa mweupe, ulikuwa wa bluu ya kijivu. Kolajeni ikipungua au ikiharibika, ule utando wa jicho unaonyesha rangi ya ndani.

Watoto wanaopigwa wapo, na kuuliza ni wajibu wetu. Lakini tuangalie macho, tuangalie meno, tuulize habari za ukoo. Na ukoo ukiwa safi msidhani mmekosea: mara nyingi kosa hutokea upya kwa mtoto, wazazi wote wawili hawana. Dawa za bisfosfoneti huongeza uzito wa mfupa, ila haziisuki kamba upya.

Kwa hiyo namna ya kumbeba ni matibabu. Asiinuliwe kwa kushikwa makwapa. Wakati wa kumbadili nepi msivute vifundo vya miguu juu. Pitisheni mkono chini ya makalio, vidole vimetanuka, na mkono wa pili nyuma ya mabega na kichwa. Yule mama alijifunza hivyo kwa siku mbili, kitandani, muuguzi akimsimamia. Siku ya kuruhusiwa tulimwandikia barua yenye mhuri, kwamba mtoto huyu ana mifupa dhaifu ya kuzaliwa, ili atakakofika asihojiwe upya. Aliisoma mara mbili, akaikunja ndogo, akaifunga kwenye pindo la kanga.