Topeni kuna stima

Haya jamani, asalaam aleikum, walio nyuma sogeeni, hiyo feni haifiki huko. Naanza na kitu mnakijua nyote. Nani hapa hajakanyaga matope ya mikoko pale Tudor, hapa Mombasa, maji yakishakupwa? Unazama mpaka goti, ukitoa mguu, juu ni kahawia, chini meusi tititi, na ile harufu ya yai viza. Hiyo ni gesi ya salfa, salfaidi, inatolewa na vidudu wanaoishi bila hewa, manake oksijeni humo inaishia milimita chache tu toka juu.

Sasa sikizeni. Kule Denmark, ghuba ya Aarhus, kuna bwana anaitwa Lars Peter Nielsen, yeye na wenzake wakaweka matope maabarani wakaona kioja, salfaidi inatoweka chini kabisa, zaidi ya sentimita moja, pahala oksijeni haijagusa, na wakiondoa oksijeni kwenye maji ya juu basi huko chini nako kunabadilika, haraka kuliko kitu chochote kinavyoweza kupenya topeni. 2010 wakaandika humo mnapita umeme. Haya, waya uko wapi? 2012 wakaupata: mnyororo wa bakteria, maelfu ya seli zimeungana, urefu sentimita nzima na zaidi, wembamba wake mpaka unywele wako ni gogo mbele yake. Wakapitisha kijiwaya topeni, vile mtu wa duka anakata mche wa sabuni, minyororo ikakatika na stima ikakatika.

Na kwa nini bakteria huyu ajisumbue hivo? Ni kula na kupumua tu. Ukila, elektroni za chakula, yaani vile vichembe vinavyobeba umeme, lazima ziende mahali, kwetu zinaishia kwa oksijeni ndani ya seli ileile. Huyu chakula chake, yaani salfaidi, kiko chini, oksijeni iko juu, kwa hivyo seli za chini zinakula, za juu zinapumua kwa niaba ya ukoo mzima, na elektroni zinapanda. Ni kama nyumba ya ghorofa kule Mji wa Kale, jiko liko chini na dirisha la pekee liko darini.

Zinapanda kwa nyuzi zilizolala ndani ya ngozi yake, toka mwisho mpaka mwisho. 2021 kundi la mtafiti mwengine, Filip Meysman, likaonyesha nyuzi hizo ni protini zenye nikeli. Protini, jamani! Kwa kawaida hiyo haipitishi stima. Ingawa shaba bado inamshinda mbali sana.

Kijana ameuliza kama tunaweza kuchaji simu. Hapana babu, umeme wake anautumia mwenyewe. Faida iko kwengine: Ziwa Grevelingen, Uholanzi, bakteria hawa huacha tabaka la kutu juu ya matope, na kiangazi oksijeni ikipungua ile kutu inaidaka salfaidi, isipande ikaua samaki. Kutu tu! Haya, mwenye swali jengine, na huyo wa simu asirudie.