Kihenge Kiko Katikati

Namna ya kupima faida ya msaada unaotolewa zaidi ya mara moja, hili nimelisema mara nyingi na ripoti bado zinakuja vilevile. Leo tuhesabu ubaoni.

Mfano ni wa kubuni, mazingira ni ya Chamwino, Dodoma. Kaya 400. Msimu wa kwanza inapigwa kura ya bahati nasibu: 200 zinapewa mbegu bora za mtama, 200 zinakosa. Baada ya mavuno tunachungulia vihenge. Kwa waliopewa, 150 vina akiba na 50 ni vitupu. Kwa waliokosa, 50 vina akiba, 150 vitupu. Msimu wa pili hakuna kura. Afisa ugani anawahurumia wenye vihenge vitupu: wanane kati ya kumi wanapata mbegu. Wenye akiba, wawili kati ya kumi. Mwenye akiba huvuna magunia 10, mwenye kihenge kitupu magunia 4, maana Januari yuko kwenye kibarua akipalilia shamba la mwenzake huku la kwake linamezwa na magugu. Mbegu ya msimu wa pili inamwongezea kila mmoja magunia 2.

Sasa, kupewa mara mbili kunazidi kutopewa kabisa kwa magunia mangapi?

Mmoja atalinganisha wastani mtupu: 8.57 kwa 7.43, aandike 1.14. Hakuona kwamba waliopewa mara mbili ni 70 tu, na 40 kati yao walikuwa na vihenge vitupu. Mjanja ataingiza kihenge kwenye rigresheni, yaani alinganishe wenye vihenge vya hali moja tu, apate 2. Huyo ndiye ananichosha zaidi, kwa sababu anajiamini. Kihenge ni mtoto wa mbegu ya kwanza na mzazi wa mbegu ya pili. Ukikishikilia kisisogee, umeifuta kazi yote ya mbegu ya kwanza.

Jibu ni 5. Kila kaya ipe uzito: moja gawanya kwa uwezekano wa kupata ilichopata, kwa kihenge ilichokuwa nacho. (Msimu wa kwanza uzito ni sawa kwa wote, uacheni.) Waliopewa mara mbili: 30 wenye akiba zidisha kwa 5, wawe 150, 40 wa vihenge vitupu zidisha kwa 1.25, wawe 50. Wastani 10.5. Waliokosa mara zote mbili, kwa njia hiyohiyo, 5.5. Toeni wenyewe.

James Robins, mtaalamu wa takwimu za afya, aliliandika tatizo hili mwaka 1986, akiwaza wafanyakazi viwandani: anayeugua huacha kazi, mzima ndiye anayebaki kwenye sumu.

Najua kuna atakayesema, "Mimi nimeweka athari zisizobadilika za kaya, kila kaya najilinganisha nayo yenyewe." Hizo huondoa kisichobadilika. Kihenge kinabadilika, tena kinabadilishwa na mbegu yenyewe! Na kura? Ilipigwa mara moja, msimu wa pili haiwalindi.

Muda umekwisha, haraka haraka: kama afisa amewapa wote wenye vihenge vitupu, hakuna aliyekosa wa kuzidisha, na programu ya kompyuta isiwabunie. Kaya moja ikibeba uzito wa 60, fungueni dodoso lake. Na kihenge kipimwe kabla mbegu hazijagawiwa. Dodoso la Machi, mbegu zikiwa zimeshagawiwa, hapa halifai kitu.