Kubadilisha Pampu ya Petroli Inayoendeshwa na Injini
(Mhadhara kwa mafundi na wanafunzi wa ufundi, Bukavu)

Wazee wetu, mafundi wenzangu, na ninyi vijana mnaojifunza kazi hii, asanteni kwa kuja. Pampu iliyo mezani imetoka kwenye Toyota ya zamani yenye injini ya 5K, nami nimeikata kwa msumeno ili muone tumbo lake.

Mkono huu wa chuma huingia ndani ya injini na kuegemea kemshafti, yaani mhimili unaozunguka wenye vinundu viitwavyo kemu. Kemu inapousukuma, mkono huvuta kiwambo cha mpira, na petroli ikanyonywa kutoka kwenye tangi. Kemu inapopita, springi hukirudisha kiwambo, na petroli ikaelekea kwenye kabureta, kifaa kinachoichanganya na hewa. Angalieni vizuri: anayeipeleka petroli mbele ni springi, wala si kemu, na ndiyo sababu presha yake ni ndogo, takriban bar 0.2 hadi 0.4. Basi anayeng'oa pampu hii na kufunga ya umeme iliyotoka kwenye gari la injeksheni, yaani lisilo na kabureta bali hunyunyizia petroli kwa presha, ambayo hutoa bar 3 hivi, anailazimisha sindano ya kabureta, ile inayofunga njia ya petroli, kuzuia nguvu isiyoiweza, na petroli itafurika juu ya injini yenye moto.

Gari likizimika likipanda mtaa wa Kadutu mchana wa jua, pampu huhukumiwa kabla ya kusikilizwa. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na huku juu petroli huchemka mapema zaidi kuliko pwani, hivyo mvuke unaweza kuziba njia hata pampu ikiwa nzima. Tena esansi, yaani petroli, tunayonunua katika bidoni kwa kadafi, wale wauzaji wa barabarani, huja mara nyingine na maji na uchafu. Kagua kwanza chujio na mipira ya kupitisha petroli, kisha kata umeme wa koili inayowasha plagi, elekeza mpira wa kabureta ndani ya chupa, na mwenzako apige stata. Petroli ikiruka kwa nguvu na kwa mpigo ulio sawa, iache pampu mahali pake.

Sasa tazameni kiwambo hiki. Ufa wake hauzidi upana wa ukucha, lakini petroli iliyopita hapo ilishuka moja kwa moja ndani ya oili. Nilipokuwa kijana nilibadilisha pampu ya mzee mmoja bila kuchomoa kijiti cha kupimia oili. Ningekichomoa, ningekuta oili imepanda juu ya alama, nyepesi kama maji na yenye harufu ya petroli. Gari liliondoka vizuri, na baada ya siku chache konrodi, zile fimbo zinazounganisha pistoni na krenki, zikaanza kugonga. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, kwa kuwa oili mpya na chujio lake vingeiokoa injini ile.

Kazi yenyewe ifanyike nje, injini ikiwa baridi na waya hasi wa betri umetolewa. Katika vilima vyetu, gari lililoelekeza pua bondeni huweka tangi juu ya pampu, na petroli itamwagika yenyewe mara utakapochomoa mpira. Kwa hiyo liegeshwe mahali tambarare, na mpira wa tangi uzibwe kwa bolti safi. Weka alama kwenye mpira wa kuingiza na wa kutoa.

Kabla ya kufunga pampu mpya, zungusha krenki, mhimili mkuu wa injini, mpaka kemu iache kusukuma mkono. Hapo pampu itakaa karibu na bloku kwa nguvu ya mkono wako tu. Ukihitaji kuivuta kwa bolti mbili zile, simama: mkono wa pampu umeegemea mahali pasipofaa, na utauvunja au utaharibu nyuzi za bolti. Pima pia unene wa kipande cha kukinga joto kinachokaa kati ya pampu na bloku, pamoja na gasketi zake. Kikizidi unene, mkono haufiki kemu sawasawa na petroli hupungua. Kikiwa chembamba, kemu huupiga mkono mpaka uchakae. Gasketi ya karatasi ya boksi la sabuni haina nafasi hapa.

Kwa kuwa kabureta imekauka, stata itachukua sekunde kadhaa. Injini ikiwaka, pitisha tochi chini ya kila kiungo, ukitafuta unyevu. Kisha panda na kushuka mlima mara moja, uache injini ipoe, ukaze bolti tena, kwa sababu gasketi mpya hujibana kidogo baada ya joto la kwanza.